Sura ya Sita: Ziara Haianzii Katikati

Saa nane na nusu mchana Inspekta alisukuma mlango wa chumba cha mahojiano cha polisi wa bandari, akamkuta mwalimu wake wa darasa la tano ameketi upande wa watuhumiwa, miguu imebanwa pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Mbele yake mezani kulikuwa na beji yake ya kuongoza watalii. Alikuwa ameivua mwenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Kifutio. Umekonda."

Askari aliyesimama mlangoni aligeukia ukuta asionekane anacheka. Inspekta alikuwa na miaka ishirini na miwili kazini na nyota begani, lakini bado kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyemwita kwa jina la utotoni, jina alilolipata alipokuwa msichana mfupi kuliko wote darasani na bado akigombania zamu ya kufuta ubao. Alivuta kiti akaketi. Hakumkataza. Hata angemkataza, ingekuwa kazi bure.

Shauri lenyewe lilikuwa fupi. Meli kubwa ya watalii ilikuwa imefunga gatini tangu alfajiri. Mume na mke, wote wazee, walikodi ziara binafsi ya magofu ya mji wa kale, wao wawili tu na Mwalimu. Waliporudi bandarini kidole cha mama yule hakikuwa na pete ya ndoa, na mume akaenda moja kwa moja kwa afisa wa wageni wa meli kusema kwamba mwongozaji ameiiba. Meli ingeng'oa nanga saa kumi na moja kamili. Ikiondoka kabla ya jambo hili kuisha, barua ingekwenda ofisi ya magofu, na jina la Mwalimu lingefutwa kwenye orodha ya waongozaji wa meli zote.

Inspekta alijua maana ya orodha ile. Mwalimu alistaafu chaki miaka saba iliyopita, mwaka uleule aliomzika mkewe, na tangu hapo kilichomtoa kitandani asubuhi kilikuwa magofu tu.

"Umeichukua?" aliuliza, kwa sababu utaratibu unataka mtu aulizwe.

"Sijaichukua."

"Haya, nieleze ilivyokuwa. Anzia mlipofika kwenye zile ngazi za magofuni, maana mume anasema hapo ulimshika mkewe mkono."

Mwalimu alifungua kinywa, akakifunga, akafungua tena. "Siwezi kuanzia kwenye ngazi."

"Kwa nini?"

"Ziara haianzii kwenye ngazi. Inaanzia langoni. Nikianzia katikati napotea, Kifutio, na nikipotea nitakuambia jambo ambalo halikuwepo. Unataka nikudanganye?"

Ndivyo alivyokuwa hata darasani. Ukiuliza swali kuhusu ukurasa wa thelathini, anarudi ukurasa wa kwanza. Inspekta aliitazama saa ya ukutani, akaenda chumba cha pili.

Wazee wale walikuwa wameketi bega kwa bega kwenye benchi la watu watano. Mzee alivaa koti na tai ingawa jua lilikuwa kali. Mama aliupakata mkoba wake kwa mikono miwili, na kwenye kidole cha pete kulikuwa na alama nyembamba, nyeupe, iliyozama kwenye ngozi.

"Mimi nilikuwa fundi saa miaka arobaini na miwili," mzee alianza kabla hajaulizwa. "Macho haya yameona skrubu ndogo kuliko chembe ya mchele. Nikisema yule bwana alimshika mke wangu mkono, basi alimshika. Hivi." Aliuchukua mkono wa mkewe kuonyesha, na alipomaliza kuonyesha hakuuachia.

"Na wewe mama, hukuivua mahali popote?"

"Hiyo haivuliwi," mzee alidakia. "Ina miaka arobaini na sita kidoleni. Nilimvisha mimi."

"Mama?"

Mama alitazama dirishani. "Ni kama alivyosema," alijibu polepole.

"Meli inaondoka saa ngapi?" mzee aliuliza.

"Saa kumi na moja, mzee wangu."

Inspekta alikuwa akiandika. Kifuniko cha kalamu yake kilibingirika hadi ukingoni mwa meza. Mzee akakidaka kabla hakijaanguka, akakiweka katikati, akachukua kikombe cha chai kilichokwisha na kukifunika juu yake. Alifanya hivyo bila kutazama, huku akiendelea na habari za ngazi. Dakika mbili baadaye Inspekta alikuwa akijipapasa mifukoni kutafuta kifuniko. Mama aliinua kikombe, akampa.

"Na meli inaondoka saa ngapi?" mzee aliuliza.

"Saa kumi na moja, mzee wangu," mama alijibu kwa sauti ileile ya upole, utadhani swali ni jipya.

Inspekta aliiandika ile saa kwa mara ya pili, kisha akajishangaa kwa nini ameiandika.

Nje, afisa wa wageni wa meli alimsubiri koridoni, mwanamke mwenye sare nyeupe na redio isiyonyamaza. "Mimi natekeleza taratibu tu, afande," alisema. "Saa kumi na dakika hamsini ngazi ya meli inapandishwa. Mkiwa na jibu, sawa. Msipokuwa nalo, barua ninayo mfukoni."

Kwa hiyo Inspekta hakuwa na njia nyingine. Alimpakia Mwalimu kwenye teksi ileile iliyowachukua wazee asubuhi, na dereva wake yuleyule, Honi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kupita penye watu kimyakimya. Siku hiyo hakupiga honi hata mara moja, na hilo halikumpita Inspekta.

Kwenye lango la magofu alikiomba kitabu cha mlinzi. Kilionyesha kuwa asubuhi Honi aliingia ndani mara mbili.

"Mara moja," Honi alisema. "Niliwapelekea kofia. Mzee alikuwa ameisahau garini."

"Hapa pameandikwa mbili."

"Mlinzi macho yake hayaoni vizuri."

"Macho yangu hayana ubaya wowote," mlinzi alisema.

Honi alianza kujikanyaga. Mara aliingia kuangalia kama kofia imefika, mara alifuata kivuli, mara hakumbuki. Inspekta aliweka kalamu chini. "Sikiliza, ndugu yangu. Pale ndani imepotea pete ya mtu. Ukinificha mahali ulipokuwa, nitaanza kukuchukulia kuwa uliificha na pete."

Honi alimtupia Mwalimu jicho la wizi, akainamisha kichwa. "Nilikwenda kujisaidia. Nyuma ya ukuta."

"Ukuta upi?" Mwalimu aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya kutisha.

"Ule mrefu, Mwalimu."

"Wa kaskazini? Ukuta wa miaka mia saba?"

"Nilibanwa, Mwalimu."

Mlinzi alithibitisha kwamba alimwona huko, na kwamba kwenye vyumba vya magofu, jikoni na ukumbini, hakusogea tena. Inspekta alimfuta kwenye orodha yake. Mwalimu hakumfuta kwenye yake, na tangu hapo Honi alitembea nyuma yao hatua kumi, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

Saa tisa na dakika tano Mwalimu alisimama chini ya lango, akavuta shati lake, akakohoa kidogo. Uso ulimbadilika. Mabega yaliyokuwa yameinama chumbani kwa polisi yaliinuka yenyewe.

"Karibu, mgeni wangu mpenzi. Mbele yako ni mji ambao haukuwahi kuwa na mlango. Ulikuwa na lango, na lango lilikuwa na kanuni zake."

"Mwalimu, muda."

"Kanuni ya kwanza, mgeni haharakishwi. Ukuta huu una unene gani?"

"Sijui."

"Kisia."

"Mita moja."

"Nusu tu. Hukusoma jana usiku wewe." Akaendelea.

Walipita langoni, walipita kisimani, ambako alidondosha kokoto na kumtaka ahesabu hadi isikike majini. Inspekta alihesabu sita. Alikuwa na saa mkononi, akiandika kila kituo na dakika zake, na pamoja na haraka yote aliyokuwa nayo alijikuta akisikiliza. Alikuwa amesahau jinsi mtu huyu alivyoweza kuuchukua ukuta uliobomoka na kuurudishia watu wake, mmoja anachota maji, mmoja anachelewa kwenye shauri lake, mmoja anamfokea mtoto. Alimpenda sana mwalimu huyu, na hakuwahi kumwambia.

Kwenye ngazi Mwalimu aligeuka, akanyoosha mkono wa kulia, kiganja juu. "Ngazi hizi ni tano na ya nne ni mwongo. Shika mkono wangu, mgeni wangu." Inspekta aliushika. Aliona kwamba Mwalimu humshika mgeni kwenye kifundo cha mkono, wala hafiki vidoleni, na kwamba mkono anaoomba ni wa kulia. Alama nyeupe ya pete aliiona kwenye mkono wa kushoto wa mama. Aliandika.

Kutoka ukumbi wa hukumu waliingia jikoni. Kilikuwa chumba kisicho na paa, chenye jiwe kubwa la kusagia katikati na vidaka vitatu, vishimo vya kuwekea vitu, kwenye ukuta wa kivuli, vimepangwa vigae vya vyungu vya zamani.

"Na hapa, mgeni wangu, ndipo mji ulipokula. Jiwe hili limesuguliwa kwa mikono hadi likawa laini kama shavu. Leo nakupa ruhusa ulisugue mwenyewe, uone wenzako walivyotoka jasho. Lakini kwanza vua pete, vua bangili, vua saa, mpe mwenzako akushikie, tusilikwaruze jiwe la watu. Haya, sasa inama..."

"Simama hapo," Inspekta alisema.

"Nini tena?"

"Umesema nini sasa hivi?"

"Inama."

"Kabla ya hapo."

Mwalimu alirudi nyuma hatua moja, akayatafuta maneno, akayapata kwa kuyasema upya tangu "ndipo mji ulipokula". Alipofika kwenye pete aliishia hapo. Aliuangalia mkono wake mwenyewe.

"Nilimwambia avue," alisema. "Namwambia kila mtu avue. Miaka saba, kila siku. Kifutio, mbona mimi sikulikumbuka hili? Nimekaa pale kwenye kiti chenu tangu saa sita najiuliza ilitokaje kidoleni."

"Hulikumbuki kwa sababu hulisikii tena. Alimpa nani?"

"Mwenzake. Walikuwa wawili tu."

"Na baada ya kusaga, huwa unasema nini?"

"Nasema, sasa kila mtu achukue kilicho chake." Akatikisa kichwa. "Leo sikusema. Mama alikuwa bado ameinama, Honi akaingia na kofia. Nikamkemea kwa kukanyaga kizingiti. Halafu nikaendelea na maelezo ya moshi wa jikoni."

Honi, hatua kumi nyuma, alisema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli, alikemewa.

"Mzee alisimama wapi?"

"Pale kivulini. Jua lilimchoma, hakuwa na kofia."

Inspekta aliutazama ukuta wa kivuli. Mtu ameshikishwa kitu kidogo cha thamani. Kofia inakuja, anahitaji mikono. Mtu yuleyule amefanya kazi miaka arobaini na miwili na vitu vidogo vinavyoweza kupeperushwa na pumzi. Alikumbuka kikombe cha chai.

"Mwalimu, vigae vile vya kwenye vidaka. Nani anavipanga?"

"Mimi. Nani mwingine?" Mwalimu alisogea, akainama kwenye kidaka cha kwanza, cha pili, akasimama. "Hiki kimegeuzwa. Vigae vyangu vyote vinatazama juu, mgeni aone rangi ya ndani. Nani amekifunika hiki?"

"Usikiguse."

Inspekta alipiga picha kwa simu, kwanza ukuta wote, kisha kidaka, kisha kigae. Alimwita Honi awe shahidi. Halafu akakishika kigae kwa ncha za vidole na kukiinua. Pete ilikuwa chini yake, katikati kabisa, imelala salama kwenye vumbi la miaka mia saba.

Mwalimu aliketi juu ya jiwe la kusagia, jiwe ambalo hakuna mgeni aliyewahi kuruhusiwa kuliketia. Honi alitaka kumkumbusha, akaona afadhali anyamaze.

Walirudi bandarini saa kumi na dakika kumi na nane. Safari hii Honi alipiga honi njia nzima. Inspekta hakwenda kwa afisa wa wageni. Alimwomba mama yule atoke koridoni peke yake, akamsogeza dirishani.

"Mama, ulimpa mzee pete akushikie."

Mama hakukana. Macho yalimjaa. "Nilimpa. Nilimuuliza tukiwa garini, akaapa sijampa kitu. Halafu akaona kidole changu kitupu, akakimbilia kwa yule dada wa meli kabla sijamshika."

"Imemwanza lini hali hii?"

"Mwaka wa pili sasa. Daktari wa meli akijua tunateremshwa bandari inayofuata. Zimebaki bandari nne, binti yangu. Aliniahidi safari hii tukiwa wachumba. Nilisema tukishaondoka nitaandika barua, nieleze yote."

"Barua ingefika. Lakini mwalimu wangu angekuwa amepoteza kazi yake."

"Najua. Nimekaa pale naitazama ile saa ya ukutani, najiona mwizi ni mimi." Akajipangusa kwa kiganja. "Niitie yule dada. Nitasema. Sitaondoka nikimwachia mwalimu wa watu aibu yangu."

Inspekta alimwamini, na kwa sababu alimwamini alimwonyesha ripoti aliyoiandika garini. Ilikuwa na mistari mitatu. Pete ilivuliwa na mwenyewe kwa agizo la mwongozaji, ili kulinda jiwe. Mume aliihifadhi mahali salama ndani ya magofu. Imepatikana, hakuna aliyeiba.

Mama aliisoma mara mbili. "Hukuandika kwamba alisahau."

"Kusahau si kosa la jinai, mama."

Chumbani mzee alikuwa bado ameketi wima na tai yake. Inspekta alimwita Mwalimu na afisa wa wageni waingie. Kikombe cha chai Inspekta alikuwa amekiweka mezani, kimegeuzwa juu chini. Mzee alikiona. Mkono wake ulikwenda wenyewe, ukakiinua, na uso wake wote ukatulia.

"Si hii hapa," alimwambia mkewe. "Niliifunika isipotee." Aliichukua pete kwa vidole viwili, akaigeuza kwenye mwanga kama anayekagua kazi ya mtu, kisha akamvisha polepole, akisubiri ipite kifundo cha kidole. Mama alimwachia mkono hadi alipomaliza.

"Ilikuwa imehifadhiwa na mzee mwenyewe," Inspekta alimwambia afisa, akimpa ripoti. "Kwa uangalifu mkubwa."

Afisa aliisoma, akatoa barua mfukoni, akaichana vipande vinne. Kisha akamwomba Mwalimu radhi kwa sauti ya kawaida, bila redio, na Mwalimu akasema yameisha.

Saa kumi na dakika arobaini wote walikuwa gatini. Mwalimu alisisitiza kuwasindikiza wageni wake, beji kifuani, maana mgeni huagwa pale alipopokewa. Afisa alisimama chini ya ngazi ya meli akihakiki kadi za abiria. Mzee alitoa yake, akageuka, akampa Mwalimu mkono kwa furaha ya dhati.

"Nasikia mna magofu mazuri hapa," alisema. "Utatupeleka lini?"

Mkono wa mama ulikwama ndani ya mkoba. Afisa aliinua macho kutoka kwenye kadi.

Mwalimu alimtazama mama, akaona yote usoni pake. Akavuta shati, akakohoa kidogo, mabega yakainuka.

"Karibu, mgeni wangu mpenzi," alisema, akinyoosha mkono kuelekea ukuta wa maghala ya bandari. "Mbele yako ni mji ambao haukuwahi kuwa na mlango. Ulikuwa na lango, na lango lilikuwa na kanuni zake."

Afisa alitabasamu, akidhani ni maneno ya kuagana. "Dakika mbili tu, Mwalimu," alisema, akaendelea na kadi za wengine.

Mwalimu alizitumia dakika mbili zile kama saa nzima. Mzee alisikiliza mdomo wazi. Alikisia unene wa ukuta, akapatia nusu mita barabara, akasifiwa. Mama alisimama kando yake akilia na kucheka pamoja, na hakujificha. Walikuwa wamefika kisimani, kokoto imeshadondoshwa na mzee anahesabu, nne, tano, king'ora cha meli kilipolia.

Mwalimu aliushusha mkono. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba alikuwa ameiacha ziara katikati, na ilionekana wazi kwamba ilimuuma.

"Nitarudi unimalizie," mzee alisema, akimshika begani. "Usisahau tulipoishia."

"Usiwe na wasiwasi, ndugu yangu," Mwalimu alimwambia. "Ukirudi, tutaanzia mwanzo."